Kinue na Punje za Baridi

Siku hizi ukitaja Kinue Isurugi hapa kiwandani Kawasaki, Japani, watu wanakukodolea macho tu. Inaniuma. Mimi nilikaa naye benchi moja miaka tisa, tukichekecha punje za metali, erbi na nikeli, ndogo kuliko ufuta.

Kazi ya punje zile ilikuwa kutunza baridi. Ndani ya mtambo wa kugandisha, gesi ya heli ikitoka kwenye ubaridi inaziachia baridi yake, ikirudi inaichukua tena. Kwenye baridi kali kabisa, punje za zamani za madini ya risasi zilishindwa. Madini yetu ya sumaku, tuliapa, hayatashindwa.

Basi mtambo ukagoma kwenye digrii sita juu ya sifuri halisi, ile baridi isiyo na kupita, na tulitakiwa nne. Tulipoufungua, punje zimesagika unga. Mkuu wa sehemu, Bwana Hirukawa, akatuambia wazi: miti ya micheri ikichanua maua yake ya majira ya kuchipua kabla hatujafika nne, sehemu inafungwa, wanawake wote kumi na mmoja tunarudi nyumbani.

Kinue alikulia Hokkaido, kwa wakulima wa maharage mekundu. Adhuhuri moja alimaliza wali wake, akapangusa sinia, akaliinamisha, akamwaga punje juu yake. Za mviringo ziliteremka mbio. Zenye pembe na mikia zilikwama.

“Bi Kinue, unachagua maharage?” Hirukawa akamchokoza.

“Ndiyo, mkuu. Hizi zenye pembe ndizo zinazosaga wenzao.”

“Si zimepita kwenye chekeche?”

“Chekeche linapima unene, halioni sura. Hata mshenga alikupitisha wewe kwa mkeo, sura hakuiangalia!”

Tukaangua kicheko, na Hirukawa mwenyewe akashindwa kujizuia.

Tuliinamisha masinia wiki sita, shingo zikakakamaa. Mwezi Machi, micheri bado haijachanua, tukaujaza mtambo punje za mviringo tupu, kipimo kikashuka: tano, nne na nusu, nne. Jamani, nililia! Sehemu haikufungwa.

Wakubwa walilipenda mno lile wazo, wakaunda mashine ya kuinamisha na kutikisa. Kazi yetu ya siku tatu, yenyewe saa moja tu. Wakasema wanawake kumi wanatosha, na aliyetuzidi umri apumzike. Huyo alikuwa Kinue.

Siku yake ya mwisho hakununa. Aliisogelea mashine, akapekua punje ilizozipitisha, akatoa moja yenye mkia, akaniwekea kiganjani.

“Mashine hii bado haijajua kazi,” akasema. “Ivumilie, mdogo wangu.”

Sikuivumilia. Naichukia mpaka leo.