Pedi Iliyopigwa Tupa

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, na nikiikumbuka bado nachukia. Ni siku niliyomkuta mdogo wangu Fidelisi amekaa kibarazani kwetu Temeke, ameibana pedi ya gemu katikati ya magoti, anaipiga tupa. Tupa ile ile ya baba ya kusugulia mpingo. Pedi yenyewe ilikuwa mpya, ya bei mbaya, na unga mweusi wa plastiki umemjaa mapajani.

Kaa nikueleze vizuri, maana nawaona na nyie mnavyopata kitu leo, kesho mnakilaani.

Sie ni watu wa Kusini. Baba yetu alikuwa mchongaji, na Fide alikuwa anajifunza kwake. Mwaka ule patasi ilimteleza ikamkata mshipa wa kidole gumba cha kulia. Hospitali walimshona vizuri, lakini kidole kiligoma kukunja kama zamani. Kuchonga akaacha. Kilichobaki ni gemu la mpira, ambalo mtaani kwetu alikuwa bingwa, na hilo nalo likamshinda, kwa sababu kupiga shuti ni kazi ya kidole kile kile. Kwenye banda la gemu anayeshinda ndiye anayebaki kwenye benchi, anayefungwa anapisha mwingine. Fide alikuwa akikaa hainuki. Sasa akawa anakaa, anafungwa, anapisha, mpaka akaacha kwenda kabisa. Akawa mtu wa kulala tu, hasemi na mtu. Mama alianza kuogopa, na mimi niliogopa, ingawa woga wangu mimi hutoka kama hasira.

Kaka yetu mkubwa, Kosmasi, aliyekuwa anafanya kazi melini, ndiye aliyemletea ile pedi. Haikuwa kama hizi za kawaida. Ilikuwa nzito, imevishwa mpira pale pa kushikia, na mgongoni ina vitufe vinne, ili vidole vya chini vifanye kazi ambayo gumba limeikataa. Sote tulifurahi, tukajua mtoto amepona.

Siku ya kwanza Fide alifungwa vibaya kuliko alivyofungwa na pedi ya zamani. Kila akiikamata kwa nguvu anabonyeza vitufe vya mgongoni bila kutaka, kipa anatoka golini, mpira unaingia. Akasema pedi mbovu. Kesho yake akabadilisha kazi za vitufe. Keshokutwa akabadilisha tena. Hiki kiwe cha shuti, hapana, kiwe cha kukimbia, kijiti cha kuelekezea kiwe kirefu, hapana, rudisha kile kifupi. Hakuna siku vidole vyake vilivikuta vitufe pale vilipoviacha jana. Na anayecheza naye ni nani? Mimi. Wenzake walikuwa wamemchoka, basi natolewa jikoni mikono ina sabuni, nikacheze gemu nisilolipenda. Nikimfunga, ananuna. Nikimwachia, ananuna zaidi.

Ndipo ikaja hiyo siku ya tupa. Alisema upande wa kulia unamuumiza, kwa hiyo anauchonga ufuate mkono wake. Kwa mtoto wa mchongaji jambo hilo halikuwa ajabu, kwa kuwa kwetu mpini wa kila chombo unachongwa kwa mkono wa mwenyewe. Lakini nilifoka mpaka baba akatoka uani kuja kuona kuna nini. Akaichukua pedi, akaigeuza, akapapasa pale palipoliwa. Baba alipokasirika sana, sauti yake ilishuka.

"Mpini mpya nakuachiaga mpaka lini ndiyo naupunguza?" aliuliza.

Fide akajibu kwamba ni mpaka mkono uuzoee.

"Mpaka mkono wenyewe useme panapouma. Na huo wako bado umevimba, Fide. Umechonga kufuata uvimbe. Uvimbe ukiisha utashika nini?"

Fide alimwomba amsaidie kupajaza kwa gundi. Baba akakataa. Akamwambia ataitumia hivyo hivyo, na mambo ya kubadilisha vitufe kila siku yaishe.

Nilimwona baba mkatili. Uvimbe uliisha kweli, na pale palipopigwa tupa mkono ukawa unapwaya. Fide alilalamika, akatukana, akaibamiza kitandani. Lakini hakubadilisha kitu tena, na mimi niliendelea kutolewa jikoni, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi. Kusema kweli sikuona maendeleo yoyote. Alikuwa anafungwa na mimi, mtu nisiyejua hata kuotea ni nini.

Halafu adhuhuri moja tulikuwa tunacheza huku tunagombana. Nilikuwa nimenunua umeme asubuhi, na yeye ameacha feni inazunguka kwenye chumba kisicho na mtu. Akawa ananijibu, jicho moja kwangu, jicho moja kwenye televisheni, na vidole vya chini vinakwenda. Goli. Anaendelea kunijibu. Goli jingine. Mimi nimeshanyamaza, yeye bado yuko kwenye feni. Nikamwambia atazame mikono yake. Akaitazama, na palepale akakosea, nikamnyang'anya mpira.

Akaiweka pedi mapajani. "Dada, tangu lini?"

Hakuna aliyeiona siku ilipoanza, si yeye, si mimi niliyekaa naye kila siku nikilalamika. Akavaa kandambili, akaondoka na pedi yake kwenda kwa wenzake, wala hakuniambia asante. Nikalia kwa hasira na kwa furaha, sijui ipi zaidi, mpaka mama akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Basi, mwanangu, ukipata kitu kipya, iwe chombo, kazi, mwenzi wa ndoa, au mwili uliopona nusu, usikipunguze na kukigeuza kila kinapokuudhi. Utakuwa unakichonga kwa maumivu ya leo, na maumivu ya leo hayakai. Kiache kikae mkononi. Kulalamika sikukatazi, mimi mwenyewe nimezeeka nako. Mungu akupe muda wa kuzoea, akuponyeshe taratibu, na akujalie mtu mmoja wa kukufokea ambaye kesho atakuja tena kukaa nawe.