Maji ya Viazi Anayomwaga Mke Wangu

Ndugu zangu wa ukurasa huu, kwa heshima na taadhima natangaza kwamba nyumbani kwangu Makambako kiazi hakipikwi mpaka kioge. Kinamenywa, kinakatwa vipande vidogo, kinalowekwa, maji yanamwagwa. Kinachemshwa kwenye maji mengine mengi, na hayo nayo yanamwagwa. Hata bwana harusi haogi hivyo. Mwenye ukurasa, jina langu lisionekane, maana mjini hapa tunajuana hadi rangi za mapazia.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, muuza vipuri vya malori. Figo zangu ziliacha kazi mwaka juzi bila kuaga. Mara tatu kwa wiki naenda Njombe kusafishwa damu kwa mashine, nalala pale kwa muda wa saa nne nikihesabu mbao za dari.

Kule walitufundisha kula upya, mimi na mke wangu. Parachichi, ambalo huku kila mtu analo shambani, nisiliguse. Ndizi hapana. Maji kwa kikombe cha kupimia, kwa sababu ninachokunywa hakina pa kutokea. Viazi navyo vina kitu kinaitwa potasiamu. Figo zikifa kinabaki kwenye damu, kikizidi moyo unasimama. Sista, muuguzi wa pale, alisema "moyo unasimama" kwa sauti ile ile anayosemea "vua viatu". Ukiloweka na kuchemsha, sehemu kubwa inatoka na maji. Mke wangu ni mtu wa Kondoa, hakukulia kwenye viazi, akayaandika yote kwenye daftari. Hajakosea hata siku moja. Hilo nataka mlishike.

Basi mama yangu akaja kutoka Kifanya kuniuguza, na gunia la viazi alivyolima mwenyewe. Siku ya kwanza tu akamkuta mke wangu anainamisha sufuria.

"Mkamwana, hayo unayomwaga ni nini?"

"Ni sumu kwa baba Asha, mama."

"Sumu? Viazi vyangu mimi?"

Toka hapo hawakuelewana tena. Mama akanivuta pembeni: "Mwanangu, huyu anatupa nguvu yote mferejini, wewe anakupa makapi. Utaachaje kukonda?"

Siku chache baadaye mama akapoa ghafla, akawa anasaidia jikoni. "Acha, mkamwana, nitamwaga mimi." Mke wangu akafurahi, akadhani amani imekuja. Mama alikuwa anayapeleka maji ya kuchemshia nyuma ya nyumba, anayaficha kwenye jagi. Mke wangu akienda sokoni, anayapasha, anatia chumvi kidogo, ananiletea.

"Kunywa. Haya ndiyo niliyokunywesha ulipougua surua, ukainuka."

Nilijua ni nini. Nilikunywa.

Msiseme ni heshima kwa mama peke yake. Mtu anayepimiwa maji anaota mito. Yale yalikuwa ya moto, yana chumvi, na mnaujua upepo wa Makambako. Nilikunywa kikombe, nikaomba cha pili. Siku ya pili nilikuwa namsubiri mama kama mtoto. Karibu wiki mbili.

Jumatatu moja miguu ikakataa kusimama. Midomo ikafa ganzi. Jirani alinibeba kwa pikapu yake hadi Njombe, wakanipima damu, wakaniunganisha kwenye mashine mbio mbio. Sista alipoona majibu alimgeukia mke wangu: "Mama, unampikia nini huyu? Si nilikwambia uloweke?"

"Naloweka, sista. Kila siku naloweka." Akafungua daftari, anamwonyesha mwandiko wake mwenyewe.

"Damu haidanganyi, mama. Ungechelewa kidogo ungerudi na maiti."

Mimi nilikuwa hapo hapo, hatua mbili, mirija mkononi. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala.

Sasa kaka yangu mkubwa ameitisha kikao cha ukoo Jumapili hii. Hoja ni moja: mke wangu arudi Kondoa "akapumzike", jiko ashike mama. Yaani wamekaa, wakatafakari, wakaona tiba yangu ni kumkabidhi jiko mwenye jagi.

Nimejaribu kumwambia mama. Nilisema, "Mama, yale maji ndiyo yaliyoniangusha." Akacheka, akanishika paji la uso. "Mashine zimekuchanganya. Ulikunywa ukalala vizuri, mbona? Umeanguka kwa njaa." Ana miaka sabini na tatu. Nikimwambia mbele ya ukoo kwamba alikuwa ananiua kwa viazi vya mikono yake, sijui atarudije Kifanya. Nikinyamaza, mke wangu anapanda basi akiwa na jina la muuaji, na mimi simalizi miezi miwili.

Kinachonimaliza ni mke wangu. Juzi aliniuliza taratibu, "Baba Asha, labda kuna siku nilisahau?" Mtu hajawahi kusahau, sasa anajitilia shaka. Viazi siku hizi anaviloweka mara mbili, na anasimama kuvilinda. Mimi nikamjibu, "Labda." Neno hilo moja linanichoma kuliko sindano zote za Njombe.

Jana mke wangu alipokwenda sokoni, mama alichemsha viazi vyake mwenyewe, akaniletea jagi tena. Sikunywa. Nilisema nitakunywa baadaye, nikasubiri atoke, nikamwagia maua. Mwanaume mzima, baba wa watoto watatu.

Wakubwa kwa wadogo humu ndani, na nyie mnaouguza watu wa figo, niambieni. Nianze na nani, mama au mke? Nimtie mama aibu mbele ya kaka zangu, au nimwite pembeni na sista wa hospitali amweleze yeye? Na mke wangu nitamwangaliaje baada ya lile "labda"? Nishaurini, nifanye nini, Jumapili haiko mbali. Mnitukane, lakini mnishauri kwanza.

Mke wangu anausoma ukurasa huu kila siku.