Orodha ya Waliomchangia Munga

Mimi nimekuwa mweka hazina wa michango hapa mtaani Bofu miaka kumi na minne, na simung'unyi maneno. Harusi, matanga, mgonjwa wa kupelekwa India, pesa zote zapita mkononi mwangu. Naziandika, kisha nazisoma mbele za watu: fulani katoa hivi, fulani katoa hivi, umenunuliwa mchele, amenunuliwa mbuzi, zimebaki hizi. Mtu akitoa mia ajua mia yake ilikokwenda. Ndiyo maana Munga alipoanza kuandamwa alikuja kwangu.

Munga ni kijana wa Kiduruma, ana miaka ishirini na tisa, fundi wa simu. Kibanda chake kimepakana na meza yangu ya viazi karai. Mrefu, mpole, na kula husahau mpaka umkemee. Miaka mitatu sasa anatengeneza mchezo wa simu uitwao Mkwezi. Unakwea mnazi kwa kidole, unaangua madafu, kunguru wanakudonoa, na chini mwenye shamba anakungoja na bakora. Mwanzoni mkwezi wake alikuwa akigema tembo, pombe ya mnazi. Nikamwambia wallahi mambo ya tembo siyachangii hata senti. Akaondoa tembo, akatia madafu, nami nikatoa elfu mbili zangu.

Pesa zenyewe alizitafuta mtandaoni. Kuna tovuti ya michango, waeleza kazi yako na watu wanakuchangia kabla hujaimaliza, wengine hata hawakujui. Walitoa watu mia mbili na thelathini, wa hapa mtaani, wa Nairobi, hata wa Maskati na Ujerumani. Zikapatikana laki nne na elfu kumi na mbili. Akaahidi mchezo utatoka Aprili. Aprili ikapita, Mei ikapita, Juni nayo, na Munga kimya. Ukurasa wake ukajaa maneno. Kijana mmoja wa Nairobi aliandika, "Buda, doo zetu ziko wapi? Ama umetuhepea?"

"Shikamoo, Bi Mwanasaumu," Munga akaniambia asubuhi moja, uso umemshuka. "Watu wasema nimezila."

"Marahaba. Umezila?"

"Haki ya Mungu sijala."

"Basi wasiwasi wa nini? Fanya kama tufanyavyo sisi. Andika kila jina na kila shilingi, uweke hadharani. Watu wakiona daftari hunyamaza."

Nilijiona nimetoa shauri la maana sana. Jioni hiyo hiyo akaiweka orodha kwenye ukurasa wake na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, majina mia mbili na thelathini, na mbele ya kila jina alichotoa.

Lo! Kulikucha hakukaliki. Eddah wa saluni, aliyetangaza mtaa mzima kwamba kamtolea Munga elfu tano, alionekana pale na shilingi hamsini. Alichekwa mpaka akafunga saluni saa nne asubuhi. Mjerumani mmoja aliuliza kwa ukali nani kampa Munga ruhusa ya kutangaza jina lake. Na kwenye namba kumi na saba alikuwapo Habib mshona kanzu, jirani yetu, elfu kumi. Habib huyu tangu Ramadhani amekuwa akimwambia mkewe hana pesa ya kununua mtungi wa gesi.

Mkewe ni Nusaiba. Alikuja kibandani ameshika simu mkononi, buibui limejaa vumbi la makaa.

"Munga! Nipe elfu kumi za mume wangu! Mimi navuta moshi miezi minne, yeye anunua madafu ya kwenye simu?"

Habib mwenyewe alikuwa ameingia msikitini kuswali adhuhuri, na swala ilikwisha zamani wala hakutoka.

Kufika alasiri watu arobaini walikuwa wanataka pesa zao. Nikapiga hesabu: elfu tisini na moja. Nikamwuliza Munga amebakiwa na ngapi, akasema tisini na sita. Akizirudisha zote mchezo umekufa, na miaka mitatu ya kijana wa watu imekwenda bure. Moyo ukaniuma, maana shauri lilikuwa langu. Sisi kwenye harusi mtu hutoa ili aonekane, na asiposomwa jina hununa. Hawa walitoa kimyakimya, kila mmoja na yake moyoni, na hakuna aliyetaka kusomwa. Hilo sikuliwaza hata kidogo, mweka hazina mzima mimi!

Nikaichukua simu nikaisoma ile orodha tena, polepole, mpaka chini. Hapo ndipo nilipogutuka.

"Munga, haya ni mapato. Matumizi yako wapi?"

Akawa anachezea bisibisi.

"Mwanangu, umewavua nguo watu wote, wewe mwenyewe ukajifunika. Sema."

Akasema, lakini kwa tabu. Kulikuwa na mtu wa muziki. Alimtumia Munga vipande viwili vya zumari vitamu ajabu, akataka alipwe kabla. Munga akamtumia elfu thelathini na nane kwa mkupuo mmoja, na yule bwana akazima simu. Tangu Aprili Munga amekuwa akijifunza kutunga muziki mwenyewe, na ndiyo sababu ya kuchelewa.

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya, Bi Mwanasaumu. Wangesema hata kushika pesa siwezi."

Nilimkasirikia na nilimhurumia, vyote kwa pamoja. Nikamtilia sahani ya viazi, nikamwambia kula kwanza, kisha tuandike.

Tukaanza kwa kuyafuta majina yote na kuwaomba watu radhi. Kisha tukaandika matumizi, mezani kwangu, katikati ya mafuta na pilipili. Kompyuta laki moja na elfu kumi. Mchoraji wa Bamburi elfu tisini. Umeme na bando elfu arobaini na mbili. Simu tatu za kujaribia elfu thelathini na sita. Tukafika kwenye muziki, Munga akaandika, "Gharama za muziki, elfu thelathini na nane."

"Futa hapo," nikamwambia. "Andika nimetapeliwa."

"Lakini ni aibu!"

"Ni aibu, ndiyo. Andika."

Akaandika. Akaongeza kwamba mwenye kutaka pesa zake aseme kabla ya Ijumaa, atarudishiwa bila maswali. Alipobonyeza kutuma alifumba macho, na mimi nikajikuta naomba dua kimoyomoyo kwa ajili ya mchezo wa simu. Astaghfirullah.

Wale arobaini wakapungua wakawa tisa. Yule wa Nairobi aliandika, "Angalau umesema ukweli, buda. Maliza hiyo gemu." Mjerumani alinyamaza, nasi tukachukulia kuwa ni heri. Tisa wakarudishiwa zao, elfu ishirini na moja.

Ijumaa baada ya swala akaja Nusaiba. Munga alikuwa amekwisha kuzitoa zile elfu kumi, akampa noti mkononi. Nusaiba akazihesabu mara mbili, akazitia kwenye mkoba. Zikabaki sitini na tano, za kumalizia kazi kwa kujibana sana. Nilidhani atakwenda zake, kumbe kasimama.

"Huo mchezo wenyewe uko wapi?"

Munga akampa simu. Nusaiba akakwea mnazi, kunguru wakamwangusha. Akakwea tena. Akamtukana mwenye shamba matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nusu saa nzima alikaa pale, viazi vyangu viwili vitatu vikaungua kwa kumtazama. Kisha akarudisha simu, akaondoka.

Jumamosi mchana akapita kwa bodaboda, amekumbatia mtungi mpya wa gesi. Akamwamuru dereva asimame. Simu ya Munga ikalia ujumbe, akausoma, akanionyesha: shilingi mia tano kutoka kwa Nusaiba.

"Hizo ni zangu mwenyewe," akasema kutoka juu ya pikipiki. "Za kushona vitambaa. Habib asijisifu nazo."

"Ahsante, mama, lakini..."

"Sijamaliza. Mimi uniandike jina. Hadharani, watu wasome."

Munga akanitazama, mimi nikaitika kwa kichwa. Akafungua ule ukurasa tulioufuta majina yote, akaandika Nusaiba, mia tano. Likakaa pale peke yake.