Seweryn Asimama Mbele ya Baraza

Seweryn Gąsior alikuwa mzima moto wa kujitolea mjini kwetu, kusini mwa Polandi, na siku za kawaida alitunza shamba lake la matufaha. Aliishi na mama yake, Bronisława, pamoja na Tymon, ambaye majirani tulimwita mpangaji. Sote tulijua si mpangaji. Hakuna aliyesema.

Halafu baraza la mji likaleta azimio la kutangaza kwamba mji wetu haukubali "mambo ya mashoga". Siku ya mjadala ukumbi ulijaa pomoni. Diwani Walenty Kuc akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, haya yanaletwa na watu wa mji mkuu, Warszawa. Hapa kwetu watu wa namna hiyo hawapo!"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Seweryn. Niliona shingo yake ikigeuka nyekundu. Akasimama.

"Mzee Walenty, mimi nipo."

"Upo, ndiyo, nakuona. Kaa."

"Hujanielewa. Mimi ni shoga. Nampenda Tymon. Na ghala lako lilipowaka, mimi ndiye niliyepanda paa."

Jamaa mmoja akapayuka, "Toka nje, unatutia aibu!" Vijana wa mlangoni wakaanza kumzomea jamaa huyo. Seweryn akawageukia.

"Mwacheni aseme. Mimi nimesema, naye ana mdomo."

Mwenyekiti wa baraza, Zenek, akagonga meza. "Bwana Gąsior, muda wako umekwisha!"

"We Zenek, nyamaza!" Mama Bronisława alimkatiza. "Umelelewa jikoni kwangu na makamasi yako, leo unamfokea mwanangu? Mwache amalize!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata Zenek mwenyewe.

"Nimemaliza, mama," Seweryn akasema. "Nilitaka tu wapige kura huku wananitazama."

Wakapiga. Azimio likapita, ingawa madiwani wengine walinyoosha mikono nusunusu, macho sakafuni. Mama alitoka ukumbini kichwa juu kama aliyeshinda.

Mwezi Mei ikafika sikukuu ya Mtakatifu Florian, ambapo wazima moto huandamana hadi kanisani. Mbeba bendera alikuwa Seweryn. Kuc akaenda kituo cha zimamoto kushauri achaguliwe mwingine, eti kwa ajili ya amani. Kamanda Ireneusz alikuwa anang'arisha buti zake; hakuinua hata kichwa.

"Basi ibebe wewe, mzee. Ila utaandamana peke yako. Sisi tunabaki na Seweryn."

Aliibeba Seweryn. Tymon alikuwa amejibanza kando ya barabara. Mama Bronisława akamvuta mkono.

"Utasimama huko kama mgeni mpaka lini? Twende!"

Wakatembea nyuma ya kikosi, mkono kwa mkono. Wapo waliogeuza nyuso. Sisi wengine tulipiga makofi mpaka viganja vikauma, na nilijivunia mji wangu kuliko siku yoyote.

Baadaye baraza likalifuta azimio lile kimyakimya. Nilimpigia Seweryn simu kumpa habari. Alikuwa ndani ya gari la zimamoto, wanakimbilia msitu unaoungua.

"Vizuri sana," akapaza sauti juu ya king'ora. "Mwambie Tymon, mimi nitachelewa."