Kiingereza cha Bomba la Mvuke

Naweka dau, na nikishindwa nitakunyoa bure mpaka siku utakayoota kipara: haya hutayaamini. Wateja wangu hawayaamini, na wao nawasimulia wembe ukiwa shingoni mwao.

Mimi ni kinyozi. Tena siyo kinyozi wa kubahatisha, ni kinyozi bora wa mtaa huu na mitaa ya jirani, hata wenye vipara wananisifu. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, tunabishana mpaka leo. Lakini leo sijisemi mimi, ingawa ningependa. Namsema dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa na ambaye hajawahi kuniruhusu nilisahau hilo.

Dada alikuwa mkunjaji kwenye kiwanda cha kufulia, kile kinachofua mashuka ya hospitali na hoteli. Shuka linatoka kwenye mashine ya pasi likiwa linachoma, yeye na mwenzake wanashika pembe, wanakunja, wanaweka, wanashika lingine. Vidole vyake viliacha kusikia moto. Nyumbani anaepua sufuria kwa mikono mitupu. Nilimbatiza jina Koleo, akanipiga kofi, jina likabaki.

Mle ndani mashine zinanguruma hivi kwamba ukimpigia mtu kelele sikioni, anakutazama mdomo tu. Basi wakawa wanaongea kwa bomba. Chini kabisa kulikuwa na boila, lile tangi la kuchemshia mvuke, na mtu wa boila walimwita Spana, kwa sababu spana haikumtoka mkononi. Akigonga bomba la mvuke mara moja, mvuke unakuja. Mara mbili, punguzeni mashine. Akigonga mfululizo bila kuacha, tupa ulichoshika, toka nje. Haikuandikwa popote hiyo. Mgeni akiajiriwa, anafundishwa bomba kabla ya kuonyeshwa choo. Mabosi wa juu hawakuijua, maana kule chini walikuwa hawashuki, wanaogopea mashati yao.

Asubuhi moja bomba likalia mfululizo. Watu wakatupa mashuka, wakatoka. Likaendelea kulia wakiwa uani. Halafu boila ikapasuka.

Spana hakutoka. Angetokaje? Ili atoke, ilibidi aache kugonga.

Tulimzika jeneza limefungwa. Udongo haujakauka, kiwanda kikasema Spana alikuwa amelala kazini, ndiyo maana geji ya presha ilipanda asiione. Ikaundwa tume. Na tume yenyewe, kama mambo yote makubwa ya hapa kwetu, inaongea Kiingereza.

Dada akaenda kutoa ushahidi, nami nikamsindikiza. Wakampa mkalimani, kijana kavaa tai, anatazama saa kama ana mchumba anamngoja. Dada akaeleza bomba, uani, ule ukimya baada ya mlipuko, spana iliyookotwa imepinda. Akaeleza mpaka jasho likamtoka. Mkalimani akageuka, akasema sentensi moja. Hata mimi niliyefukuzana na shule niliielewa. Alisema kulikuwa na joto.

Wakamwambia dada ataitwa tena baadaye, ahojiwe na wakili wa kiwanda.  Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mara nyingine nitasema mwenyewe."

"Kwa Kiingereza kipi, Koleo? Hicho cha asubuhi njema?"

"Nitajifunza. Mama yake Spana hawezi kwenda kaburini na mtoto aliyeitwa mlalaji."

Sasa nyuma ya kibanda changu cha kunyolea kuna chumba nilichompangisha mwalimu mstaafu, mwembamba kama kiberiti, mkali kama kiberiti hichohicho. Anafundisha watu Kiingereza cha kuombea kazi. Dada akamwambia, "Mwalimu, mimi sitaki cha kuombea kazi. Nataka cha kusimulia balaa."

Mwalimu akavua miwani. "Hicho ni kigumu, binti yangu. Kina ngazi."

Na kweli kilikuwa na ngazi. Jioni dada akitoka kutafuta vibarua, maana kiwanda kilikuwa kimefungwa, wanakaa mbele ya kioo changu, mwalimu anaandika kwa sabuni. Chini kabisa neno la kuogopa kidogo. Juu yake kuogopa sana. Juu zaidi neno la hofu inayogandisha damu. Moto nao una ngazi zake, kilio kina ngazi zake. Wateja wanajiangalia kwenye kioo, wanaona nyuso zao zimeandikwa maafa.

Akamfundisha na kupanga matukio. "Tendo refu limelala kama barabara," anasema, "tendo fupi linakuja kulikatiza."

Nikadakia, "Kama nilikuwa nanyoa, umeme ukakatika!"

"Sahihi kabisa, kinyozi!"

Nikajiona profesa. Nikamwambia dada, "Umeona? Bila kulipa ada." Halafu mwalimu akamgeukia, "Haya, na wewe."

Dada akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba alikuwa anakunja shuka la mtoto, bomba likaanza kulia. Mteja niliyekuwa namnyoa akaniomba nisimamishe mashine.

Kitu kimoja tu kiliwashinda, mlio wenyewe. Mwalimu alileta maneno ya mlio mpaka akaishiwa. Dada anakataa. "Hilo ni la mlango." "Hilo ni la bunduki." "Hilo ni la kengele, mwalimu, kengele haina mtu ndani yake." Mwalimu akafuta kioo, akasema tutalipata. Hatukulipata.

Siku ikafika. Dada alivaa gauni lake la kwendea harusini, maana la misibani lilikuwa limechakaa kwa kutumika. Benchi la nyuma walikaa wenzake wa kiwandani, wakunjaji na wapiga pasi. Walikuja kusikiliza tu. Kiwanda kilikuwa kimeahidi kuwarudisha kazini, kwa hiyo midomo ilikuwa imeshonwa. Niliwatania, "Leo mmekuja kama mashuka, mmekunjwa vizuri." Hakuna aliyecheka, na mimi nachekesha hata maiti.

Dada akasimama, akamkataa mkalimani, akasema. Jamani, alisema! Yale maneno ya ngazi ya juu yalitoka yamenyooka, matukio yakakatizana mahali pake. Mwenyekiti wa tume aliacha kalamu. Nikamwambia askari wa mlangoni, "Yule ni wa tumbo moja na mimi."

Halafu akasimama wakili wa kiwanda, mtu mnene mwenye sauti ya siagi. Maneno yake mwalimu alinitafsiria sikioni. "Mheshimiwa, shahidi huyu mara ya kwanza hakuweza bila mkalimani. Leo anaongea kama kitabu. Nani kamkaririsha?"

Nikaona mwenyekiti anamtazama dada upya, kwa jicho la mtu aliyeuziwa saa ya bandia. Kumbe vile alivyosema vizuri ndivyo vilivyomponza. Mwalimu pembeni yangu akashika kichwa.

Wakili akaongeza, "Na hiyo ishara ya bomba haimo katika kanuni yoyote ya kiwanda. Hebu atueleze, mlio huo ulikuwaje?"

 Dada alilitafuta neno, nikaona midomo inapanda ngazi, inashuka, inapanda. Wakili akatabasamu. Nikajua tumekwisha, na Spana amelala milele.

Dada akafungua mkoba. Akatoa kufuli ya nyumba, lile dude letu zito. Akainama kwenye mguu wa chuma wa meza, akagonga. Mfululizo. Bila kuacha.

Benchi la nyuma likaanguka kwa kishindo. Wale wote walikuwa wamesimama na wanakimbia. Mama mmoja aliacha viatu. Mpiga pasi mwenye mguu mbovu alimpita askari kama mlango ulikuwa wazi. Hawakupiga kelele, hawakutazamana, walitoka kama maji. Sisi wengine tulibaki tumekaa tunashangaa, mimi, mwalimu, wakili na tai yake.

Mwenyekiti akasahau Kiingereza chake. "Nyinyi! Mnakwenda wapi?"

Walikuwa wameshafika kwenye baraza, wanahema, ndiyo akili zinawarudia. Mwenye mguu mbovu akageuka, uso umejaa aibu.

"Limelia, mheshimiwa," akasema.

Dada alikuwa bado anagonga. Ilibidi mwalimu aende kumshika mkono.

Taarifa ya tume ilipotoka, iliandikwa kwamba mtu wa boila hakuwa amelala, alitoa tahadhari mpaka mwisho. Kuhusu vali ya kutolea mvuke, iliyokutwa imeziba, wakaandika vifaa vilichakaa. Kwamba nani aliviacha vichakae, hapo Kiingereza kiliwaishia. Wale wa benchi la nyuma hawakurudishwa kazini, hata mmoja. Mwenye mguu mbovu nilimnyoa juzi, hasemi na mimi.

Mama yake Spana alikuja kibandani kwangu asubuhi moja, akakaa kwenye kiti cha wateja, miguu haifiki chini. Dada alikuwa anafagia nywele.

"Mwanangu," akasema, "nimeambiwa umemsema vizuri mtoto wangu. Lakini umesema kwa lugha yao. Na mimi niambie."

Dada akaweka ufagio, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nilikuwa nakunja shuka…"

Akakwama. Akaanza upya, "Mama, bomba…"  Nikasema nimsaidie, nikaanza na utani kidogo kuhusu wakili, bibi akaniinulia kidole nikanyamaza, na mimi sinyamazishwi na mtu.

Mwishowe dada akafumba macho, akamsimulia yote kwa Kiingereza, kuanzia shuka la mtoto mpaka ule ukimya. Bibi hajui hata neno moja. Alimshika mikono ile isiyosikia moto, akawa anaitikia, "Ehe. Ehe, mwanangu."

Mimi nilidhani kwa Kiswahili ndiyo ingekuwa rahisi. Nilikosea.