Kemirembe na Moshi wa Darasani

Kemirembe hakujua kusoma, ila kikohozi alikijua. Mama wa watoto sita, mkulima wa migomba wa upande wa Kamuli, haambiwi kikohozi ni nini. Kwa hiyo mwaka 1938, binti yake Natukunda alipokuwa akikohoa siku za shule tu, na siku ya kupumzika kifua shwari, mama alijifunga shuka akaenda kujionea.

Shule yenyewe ilikuwa kuta za udongo, paa la nyasi, mlango mmoja, dirisha hakuna. Kila mtoto aliingia na ukuni wake, na moto uliwaka katikati tangu asubuhi. Waliokaa nyuma hawakuonekana. Walikuwa sauti tupu.

Mwalimu Felisiani alikuwa ameshatangaza: Ijumaa padri anakuja kuwasikiliza wakisoma, na atakayeshindwa atarudi kwao akapalilie migomba. Wa kwanza kutajwa, Natukunda.

"Waitu Mwalimu," Kemirembe alisema, kwa neno la heshima la kwao, machozi yakimchuruzika, "humu kuna msiba?"

"Msiba gani tena, mama?"

"Naona sote tunalia."

Watoto wakaangua kicheko, kicheko kikageuka kikohozi.

"Moto ukizimika, wadudu watalila paa," Mwalimu alisema. "Wewe si mgeni. Nyumba isiyofuka moshi ni gofu."

Hilo lilikuwa kweli, hata kwake Kemirembe alifukiza kila siku. "Lakini kwangu ukifuka tuko shambani! Nani anakaa ndani akafukizwa aive kama ndizi za pombe?"

"Moshi hauna kosa. Binti yako ni mzito wa kichwa."

Hapo Mwalimu alimchokoza Kemirembe. "Haya, mtoe nje, umpe kitabu. Ukurasa chagua wewe. Akishindwa namchukua leo hii, padri nisimsumbue."

Wakatoka wote. Natukunda alipiga chafya mbili, akapangusa macho, akaanza kwa kusuasua. Mstari wa tatu akakaza mwendo kama ndama aliyefunguliwa. Mwalimu akasema, "Inatosha." Mtoto akafunua ukurasa wa pili, akaendelea.

"Kumbe!" Mwalimu alisema, naye akashikwa na kikohozi.

"Pole, mwanangu," Kemirembe akamwambia Mwalimu. "Na wewe umeiva."

"Sasa paa, mama?"

"Paa niachie mimi. Watoto wakitoka, nawasha. Wakirudi asubuhi, majivu yamepoa."

Ndivyo alivyofanya, miaka kumi na mmoja, bila kuombwa mara mbili. Siku ya pili tu baada ya mabishano yale, akaja na jembe akatoboa dirisha, Mwalimu akimsihi asiangushe ukuta.

Ijumaa padri alimsikiliza Natukunda mpaka mwisho, akamwandika abaki. Kisha akauliza imekuwaje safari hii watoto wote wanasoma kwa sauti, bila kukohoa.

"Ni juhudi zangu, Padri," Mwalimu Felisiani alijibu, kifua mbele.

Kichwa cha Kemirembe kikachomoza dirishani.

"Na za mama huyu," Mwalimu akaongeza upesi.