Kisu cha Mbuzi na Kiti cha Kamati

Watu wakisikia serikali imeundwa na vyama viwili vitatu, huuliza mambo hayo huwezekanaje. Waniulize mimi. Shule niliiacha kabla sijamaliza kitabu cha kwanza, lakini kazi hiyo niliifanya Thika, miaka ya hamsini, kwa mbuzi mmoja.

Tulikuwa tumechagua kamati ya holi ya wafanyakazi, karibu na viwanda. Viti kumi na kimoja. Watu wa kanisa walipata vitano, nao walitaka dansi ya Jumamosi ifutwe. Sisi wa dansi tukapata vinne. Viwili vikaenda kwa wazee wawili Waislamu wa Majengo. Hakuna upande uliofika sita. Na kibanda changu cha chai kilikuwa pale pale mlangoni. Bila dansi ningemuuzia nani? Tena nilikuwa nimeshaanza kujiita mwenyekiti.

Watu wa kanisa wakatutangulia. Mzee wao aliwaalika wale wawili kwake Ruiru, akachinja mbuzi kwa mkono wake mwenyewe. Wageni walikunywa chai, nyama hawakuigusa, wakarudi Thika na njaa.

Nilipopata habari nilicheka mpaka nikashika ukuta. Asubuhi nikafika Majengo kwa mkubwa wa wale wazee wawili, nikivuta mbuzi mzima kwa kamba.

"Mzee, kisu ni chako. Sikukuu zote za holi, wewe ndiye utachinja."

"Vizuri. Na kiti?"

"Kiti gani?"

"Cha mwenyekiti. Ulidhani nitanunuliwa kwa nyama?"

"Haiya! Nyinyi wawili, sisi wanne!"

"Basi kaeni hivyo hivyo wanne."

Nikamtazama mbuzi, mbuzi akanitazama. Nikatoa kiti.

"Na lingine," akasema. "Alasiri nikienda kuswali, kodiani ya dansi yenu inyamaze mpaka nirudi."

Wenzangu waliposikia walinirukia. "Umetuuza, wewe!" Lakini kura sita ni kura sita: mzee akakalia kiti, dansi ikabaki.

Siku hizo za kafyu tulicheza mchana. Jumamosi ya kwanza, alasiri, kodiani ikanyamaza. Watu wanatiririka jasho, hawana la kufanya, wote wakageukia mlangoni kwangu. Birika zilikauka kabla mwenyekiti hajarudi. Hata yule mzee wa kanisa, aliyekuja kutazama dhambi zetu, alikunywa vikombe viwili.

Kiti? Wacha akalie. Mimi sikupata hata nafasi ya kukaa.